Kigae cha paa la bibi kilivyonifikisha kwenye shule ya wavulana ya Wajesuiti huko Mangalore (uzi mrefu, vuta kiti)

#1 Mtoto wa Chumbageni

Wakuu, salaam.

Mwezi uliopita tuliezua paa la nyumba ya marehemu bibi pale Tanga ili tuweke mabati. Vigae vilikuwa vyekundu, vizito, vimeota ukungu mweusi. Nikageuza kimoja, nikakifuta vumbi kwa kanga kuukuu, na mgongoni zikatokeza herufi za kugandamizwa: MANGALORE. Fundi wala hakushangaa. Akasema hivyo ndivyo vilivyo vigae vingi vya nyumba za zamani Tanga, Mombasa na Unguja, akaendelea kuvishusha. Mimi nikabaki nimeshika changu.

Usiku nikaanza kutafuta habari za vigae, na hadi alfajiri nilikuwa nasoma habari za shule. Ndiyo maana ya uzi huu.

Mangalore (siku hizi rasmi Mangaluru) ni mji wa bandari, pwani ya magharibi ya India, jimbo la Karnataka. Wamisionari wa Kiprotestanti wa Basel Mission, kutoka Uswisi, walifika hapo mwaka 1834, na mwaka 1865 wakafungua kiwanda cha vigae kwa kutumia udongo wa mito ya hapo, Netravati na Gurupura. Viwanda vingine vikafuata, na vigae vikapanda meli hadi kwetu. Kwa wapenda historia, Basel hiyohiyo ndiyo iliyowafunza wamisionari Krapf na Rebmann kabla hawajaja Rabai, karibu na Mombasa. Dunia ya wamisionari ilikuwa ndogo.

Kilichonikamata ni jirani wa hao Waprotestanti: shule ya wavulana ya Mtakatifu Aloisi, St. Aloysius, ya Wajesuiti (shirika la mapadre na mabruda Wakatoliki), iliyoanza mwaka 1880. Tumezoea hadithi moja ya shule za misheni: mzungu alikuja na kengele, akaigonga, wazee wetu wakaja. Mangalore kengele waligonga wenyeji, na waliigonga kuelekea Roma.

Naendelea chini.

#2 Kipanga wa Pwani

Nimeweka mkeka. Endelea mkuu.

#3 Mtoto wa Chumbageni

Kwanza hao wenyeji ni nani.

Wakatoliki wa Mangalore ni Wakonkani ambao wazee wao walitoka Goa, koloni la Wareno kaskazini ya hapo, kuanzia karne ya 16. Wareno waliwabatiza, kisha wengi wao wakawakimbia Wareno haohao: Mahakama ya Imani iliyokuwa ikichunguza nani bado anafuata mila za zamani, kodi, njaa, na baadaye vita vya Wamaratha, dola ya Kihindu ya jirani. Walishuka kusini na lugha yao ya Kikonkani. Koo nyingine zilibaki na jina la kale la Kihindu kando ya lile la Kireno. Lishikeni jina hili, Lobo Prabhu, maana litarudi: Lobo ni la Kireno, Prabhu ni la Kibrahmini, tabaka la juu kabisa la Wahindu. Mtu mmoja, ubatizo na tabaka humohumo kwenye jina lake.

Februari 1784, Jumatano ya Majivu, Tipu Sultan, mtawala Mwislamu wa ufalme wa Mysore, aliwakamata. Tuhuma ilikuwa kwamba waliwasaidia Waingereza vitani. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watu 60,000. Walitembezwa kwa miguu, wazee na watoto, wakapandishwa milima ya Ghats hadi mji wake mkuu, Seringapatam. Wengi walifia njiani au kifungoni. Kifungo kilidumu miaka 15, hadi Waingereza walipomuua Tipu mwaka 1799. Waliorudi walikuta mashamba yana wenyewe wapya na makanisa yamevunjwa.

Sasa jiweke kwenye viatu vya vitukuu vyao miaka ya 1860 au 1870. Mji uko chini ya jimbo la Madras la Waingereza. Karani wa mahakama, mwalimu, wakili, wote wanatakiwa Kiingereza na mitihani ya Chuo Kikuu cha Madras. Wenye shule nzuri ya Kiingereza ni Basel Mission, Waprotestanti. Ukimpeleka mwanao huko, jumapili padre anakuuliza. Usipompeleka, atabaki kulima mpunga.

Wakatoliki wa mji wakaandika barua Roma wakiomba Wajesuiti, na hawakuandika mara moja tu. Kanisa la hapo lilikuwa mikononi mwa Wakarmeli, shirika jingine la Kikatoliki, na nyuma yake kulikuwa na ugomvi wa muda mrefu: Goa ya Wareno inadai haki zake za kale, Roma inataka kutuma watu wake. Ugomvi huo sitauingia, nitawapoteza na mimi mwenyewe nitapotea. Muhimu ni kwamba mwaka 1878 Papa Leo XIII aliikabidhi Mangalore kwa Wajesuiti wa Venezia, Italia. Kundi la kwanza lilishuka bandarini tarehe 31 Desemba 1878, mkesha wa mwaka mpya. Tarehe 12 Januari 1880 wakaanza kufundisha kwenye nyumba ya kupanga, wavulana 150.

Mwaka mmoja na siku kumi na mbili. Mimi kijijini kwetu nimeona darasa moja likisubiri mabati kwa miaka sita.

#4 Binti Mzalendo

Kaka uzi mtamu, ila "wavulana, wavulana." Mabinti wa Mangalore walikuwa wapi wakati baba zao wanaandika hizo barua?

#5 Mtoto wa Chumbageni

Dada umenishika pabaya, na jibu litakufurahisha. Mabinti walitangulia. Masista wa Apostolic Carmel walifika Mangalore mwaka 1870 na kuanzisha shule ya St. Ann's. Yaani dada alikuwa darasani miaka kumi kabla Wajesuiti hawajamfungulia kaka yake. Mwaka 1921 masista haohao wakafungua chuo cha wanawake, St. Agnes. Wajesuiti nao walikuja kuwapokea wasichana chuoni, ila baadaye sana.

#6 Binti Mzalendo

Hapo sawa. Endelea sasa.

#7 Kichwa Ngumu

Mnapamba ukoloni hapa. Waitalia wamekuja, wamepewa ardhi, wamejenga kasri juu ya mlima, na ninyi mnapiga makofi. Ardhi ilikuwa ya nani?

#8 Mtoto wa Chumbageni

Mkuu, nakujibu kwa lile jina. Ardhi aliitoa mtu wa palepale, Lawrence Lobo Prabhu. Jiwe la msingi likawekwa mwaka 1882, na mwaka 1885 wakahamia.

Mlima wenyewe uliitwa Idgah. Ndiyo, ni idi hiyohiyo unayoijua. Kuna uwanja wa sala ya Idi hapo, ambao watu wa mji wanauhusisha na Tipu Sultan mwenyewe. Kwa hiyo vitukuu wa waliofungwa na Tipu walijenga shule yao jirani na mahali pa sala alipopaacha Tipu, na hadi leo vyote viwili vipo. Nilipofika hapo kwenye kusoma niliweka simu chini kwanza.

Ila kuhusu kasri hujakosea kabisa. Mtu mwenye ardhi ya kugawa mlimani si mvuvi. Shule ilianza kwa nguvu ya familia zenye mali na wanasheria, wengi wao wa koo zilizojihesabu Mabrahmini hata baada ya ubatizo. Tabaka lilivuka ubatizo likiwa zima, likaingia kanisani likakaa benchi la mbele. Wahindu wa tabaka la juu nao walileta wana wao. Mtoto wa mtu wa chini kabisa hakuwa akitarajiwa pale mwanzoni. Mwaka 1892 Mhindu mmoja wa mji huohuo, Kudmul Ranga Rao, alifungua shule ya watoto wa wale walioitwa wasioguswa, na Mabrahmini wenzake wakamtenga kwa ajili hiyo. Kwa hiyo nakupa nusu ya hoja yako. Nusu nyingine nabaki nayo.

#9 Kichwa Ngumu

Nusu inatosha kwa leo.

#10 Muscat Mtoro

Wakuu, mimi niko Muscat. Ofisini nina mwenzangu wa Mangalore, alisoma hapohapo St. Aloysius, na ni Mwislamu. Wao huitwa Beary, watu wa pwani wenye asili ya biashara na Waarabu, lugha yao ina Kiarabu kingi. Nilipomwonyesha uzi huu na kumtafsiria, kitu cha kwanza alichosema: "Wameshafika kwenye dari?" Nikamuuliza dari gani. Akacheka tu.

Mtoto wa Chumbageni, dari gani?

#11 Mtoto wa Chumbageni

Huyo mwenzako anajua kitu. Tufike darini.

Shule ilipokamilika walijenga kikanisa ubavuni. Kwa nje ni jengo la kawaida tu, nyeupe, unaweza kulipita. Ndani hakuna ukuta uliobaki mtupu. Kuta, matao na dari vimejaa michoro, na yote ni kazi ya mkono wa mtu mmoja, Bruda Antonio Moscheni, aliyezaliwa mwaka 1854 karibu na Bergamo, Italia. Alisomea uchoraji Bergamo, akajiunga na Wajesuiti akiwa mtu mzima mwaka 1889, wala hakuwa padre. Aliletwa Mangalore, na kuanzia 1899 akapanda jukwaa. Ilimchukua takriban miaka miwili na ushee.

Darini kuna maisha ya Aloisi Gonzaga mwenyewe. Kijana huyu alizaliwa mwaka 1568, mtoto wa kwanza wa mtawala wa Castiglione, mrithi wa kila kitu. Akamwachia mdogo wake urithi wote, akaenda Roma kuwa Mjesuiti. Tauni ilipoingia Roma alikwenda kuwabeba wagonjwa, ikampata, akafa mwaka 1591 akiwa na miaka 23. Wavulana wa Mangalore, ambao baba zao walitaka wawe mawakili, waliketi kila wiki chini ya picha ya kijana aliyekataa utajiri wa baba yake. Sijui nani aliliona hilo la kuchekesha wakati ule, ila mimi nililiona.

Michoro ya ukutani ni fresko, mingine ni rangi ya mafuta juu ya turubai. Msiniombe picha za ndani. Kupiga picha humo hairuhusiwi.

#12 Fundi Lipu

Naomba niingie hapa maana hii ni kazi yangu. Wengi hamjui fresko ni nini.

Unapiga lipu ya chokaa na mchanga. Ikiwa bado mbichi, ukiigusa inaacha ubaridi kwenye kidole, ndipo unapaka rangi iliyochanganywa na maji matupu. Hakuna gundi. Chokaa inapokauka inavuta hewa ukaa, inageuka tena kuwa kama jiwe, na rangi inafungiwa humo ndani. Haibanduki kama rangi ya dukani kwa sababu haiko juu ya ukuta, imeshakuwa ukuta.

Tabu yake: unapiga lipu ya eneo utakalolimaliza siku hiyo tu. Ukichelewa ikakauka, unachukua mwiko, unakwangua, unaanza upya. Na dari unachora kichwa kimeinama nyuma, chokaa inakudondokea machoni. Chokaa ya macho naijua, niliwahi kulala siku mbili sioni.

Sasa uniambie, Mangalore mvua yake ikoje? Maana fresko na unyevu ni paka na panya.

#13 Mtoto wa Chumbageni

Fundi, umeuliza swali la wenyewe. Mvua ya Mangalore inapita milimita 3,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa inamwagwa kati ya Juni na Septemba. Kwa kulinganisha, Tanga yetu tunayoilalamikia haifiki nusu ya hiyo. Unyevu ulipenya kwelikweli, na miaka ya mwanzo ya 1990 wataalamu wa INTACH, taasisi ya Wahindi ya kutunza urithi, wakaja kuitengeneza michoro. Kwa hiyo unachokiona leo ni Moscheni pamoja na wao.

Yeye mwenyewe hakurudi kwao. Alichora na kwingine, hata Kanisa Kuu la Holy Name kule Mumbai lina mkono wake, akafa Cochin mwaka 1905.

#14 Fundi Lipu

Miaka miwili na ushee juu ya mirunda, kwenye hewa ya namna hiyo. Pumzika bruda.

#15 Muscat Mtoro

Nimemsomea mwenzangu hayo. Anasema kila mwanafunzi alikuwa na kipande chake cha dari. Chake yeye kilikuwa kona moja yenye malaika, kwa sababu ndicho kilichokuwa juu ya benchi alilozoea kukaa walipopelekwa mle. Michoro mingine yote haikumbuki vizuri. Hiyo kona anaweza kuichora.

#16 Mzee Kigoda

Vijana, mmeongea picha. Nataka kujua shule imetoa watu gani. Mti hujulikana kwa matunda.

#17 Mtoto wa Chumbageni

Shikamoo mzee. Matunda yapo ya kila ladha.

Nianze na mwalimu kabla ya wanafunzi. Kwenye lile kundi la 1878 alikuwamo Padre Augustus Müller, Mjerumani. Kazi yake ilikuwa kufundisha, lakini alijua dawa za homeopathi, aina ya tiba mbadala, akawa anawagawia wavulana wagonjwa, kisha na majirani, chini ya mti. Watu wakawa wengi kuliko darasa. Mwaka 1880 akafungua zahanati ya maskini eneo la Kankanady, baadaye hospitali ya wenye ukoma. Leo hapo pana hospitali kubwa na chuo cha udaktari chenye jina lake. Kuhusu homeopathi yenyewe nina maneno yangu, nayaacha.

Wanafunzi: K. V. Kamath, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa ile benki ya nchi za BRICS mwaka 2015, alipita pale. Ila mimi nataka kumsema mmoja tu, George Fernandes.

Alizaliwa Mangalore tarehe 3 Juni 1930. Mama yake alimwita George kwa sababu ndiyo siku aliyozaliwa Mfalme George V wa Uingereza. Kuanzia darasa la tano alisoma kwenye shule ya St. Aloysius hadi akamaliza sekondari. Baba alitaka awe wakili. Yeye akakataa, akapelekwa seminari Bangalore mwaka 1946, awe padre. Miaka miwili akatoka. Sababu aliyoieleza ni chakula: wakubwa wa seminari walikula vizuri zaidi, tena kwenye meza iliyoinuliwa juu kuliko ya vijana. Meza tu, mzee wangu.

Akaenda Bombay, akalala nje, akaanza kuwapanga wafanyakazi wa bandari, hoteli na teksi. Mwaka 1974 aliongoza mgomo wa reli wa nchi nzima. Waziri Mkuu Indira Gandhi alipotangaza hali ya hatari mwaka 1975, Fernandes alijificha, akakamatwa, na mwaka 1977 akachaguliwa mbunge wa Muzaffarpur akiwa gerezani, kwa zaidi ya kura 300,000 za ziada. Akawa waziri wa viwanda. Coca-Cola na IBM wakafunga virago wakati wake. Baadaye waziri wa reli, akasukuma ujenzi wa Reli ya Konkan inayoiunganisha Mumbai na kwao Mangalore. Kisha waziri wa ulinzi. Alifariki Januari 2019.

#18 Mzee Kigoda

Marahaba. Hilo la meza nimelielewa kuliko mgomo wa reli. Nilisoma shule moja ya misheni, siitaji jina. Sisi ugali na maharage yenye wadudu, na dirisha la mababa lilikuwa linanukia vitunguu vya kukaanga kila saa moja usiku. Nina miaka 71 na hiyo harufu bado inaniudhi. Tofauti yetu ni kwamba yeye aliondoka, mimi nilisubiri cheti.

#19 Kichwa Ngumu

Mzee Kigoda umeniua mbavu.

Sasa huyo Fernandes nampenda. Lakini angalieni: alikataa uwakili, akakataa upadre, na shule ikaendelea kutoa mawakili na mapadre. Ni tunda la shule au ni tunda lililodondoka mbali na mti?

#20 Mtoto wa Chumbageni

Nimeliwaza hilo sana. Jibu langu si la uhakika. Alitoka kwenye shule ambayo dari yake inamsifu kijana aliyemkatalia baba. Huwezi kumkalisha mtoto chini ya picha hiyo miaka yote kisha ushangae akikukatalia. Ila pia inawezekana alikuwa anaangalia nje ya dirisha tu.

#21 Kipanga wa Pwani

Jina la Aloisi Gonzaga liko na kwetu. Kibera, Nairobi, Wajesuiti wana sekondari yenye jina hilohilo, waliyoianzisha kwa ajili ya watoto waliofiwa na wazazi kwa UKIMWI. Nilipokuwa nasoma ile habari ya tauni ya Roma ndipo nikaelewa kwa nini walichagua jina hilo.

Na kitu kingine cha kwetu: Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, baba yake alikuwa Mgoa na mama yake Mmasai wa Eldama Ravine. Alipelekwa kusoma India Kusini, si Mangalore ila huko huko jirani, Bangalore na Bellary, akarudi miaka ya 1930. Wagoa wa huku walikuwa na desturi hiyo, mtoto anapandishwa meli anapelekwa kwa mapadre.

#22 Mtoto wa Chumbageni

Kipanga asante. Murumbi nilimsahau kabisa. Kwa hiyo meli zilikuwa zinakuja na vigae na kurudi na watoto wa shule.

#23 Binti Mzalendo

Shule yenyewe leo ikoje? Au imebaki ya kumbukumbu?

#24 Mtoto wa Chumbageni

Ipo, tena imenenepa. Sekondari inaendelea. Chuo kilichozaliwa nayo kilipewa hadhi ya chuo kikuu mwaka 2024. Kuna makumbusho ndani, yaliyoanzishwa mwaka 1913, humo limo gari la Kifaransa aina ya De Dion la mwaka 1906, linalosemwa kuwa la kwanza kuonekana mjini pale. Wanafunzi wengi si Wakatoliki siku hizi. Kikanisani ibada inaendelea na watalii wanaingia.

Na viwanda vya vigae karibu vyote vimefungwa. Zege na mabati vimevimaliza, kama mabati yalivyolimaliza paa la bibi yangu.

#25 Fundi Lipu

Mkuu, vile vigae mlivyoshusha mlivipeleka wapi? Kuna mteja wangu Pangani anakarabati nyumba ya zamani, anavitafuta kama dhahabu.

#26 Mtoto wa Chumbageni

Fundi, umechelewa wiki tatu. Vingi vilipasuka vikishushwa, vilivyobaki jirani alivichukua akajaza shimo la barabarani mbele ya geti lake. Nilichobaki nacho ni kimoja. Mama amekiweka juu ya mfuniko wa pipa la maji usipeperushwe na upepo, na amekigeuza, maandishi yako juu.

#27 Fundi Lipu

Muulize mama anakiuza shilingi ngapi.